Kwapa, Wiki za Mwanzo na Barua ya Kurudi Palma: Kuzuia Maumivu Sugu baada ya Upasuaji wa Saratani ya Titi Kaskazini mwa Cabo Delgado

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa ajili ya saratani anaweza kupona kidonda, akatolewa nyuzi, akaambiwa kazi imekwenda vizuri, na baada ya miaka miwili bado akawa analala ubavu mmoja tu. Upande wa ndani wa mkono unamchoma, kwapa limekufa ganzi, vazi la kapulana likigusa kovu anashtuka. Maumivu ya namna hii yakishavuka miezi mitatu, na ikathibitika kwamba si usaha wala saratani iliyorudi, wataalamu huyahesabu kuwa maumivu sugu ya baada ya upasuaji. Mwaka 2009 Rune Gärtner na wenzake wa Denmark walichapisha majibu ya wanawake 3,253 waliokuwa wamepasuliwa miaka miwili hadi mitatu nyuma. Asilimia 47 walikuwa bado wanaumwa, na miongoni mwao asilimia 13 waliumwa vikali. Hao ni wanawake wa nchi yenye wataalamu wa nusu kaputi, mionzi, na miadi ya kurudi inayotimizwa.

Hapa nalipeleka swali hilohilo kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji, kuanzia Quissanga na Ibo, kupitia Macomia na Mocímboa da Praia, hadi Palma karibu na mto Ruvuma. Hoja yangu ni kwamba chumba cha upasuaji hakiwezi kuyazuia maumivu haya peke yake, na si haki kukiachia mzigo huo peke yake. Kina jambo moja kubwa la kufanya, nalo liko kwapani. Yaliyobaki hutokea kabla mgonjwa hajapanda mezani na baada ya kushuka, yaani wilayani na nyumbani, mikononi mwa watu ambao miongozo ya tiba ya maumivu huwataja kwa nadra.

Tuanze na kwapa. Katikati ya mafuta yake unapita mshipa mwembamba wa fahamu uitwao interkostobrakiali. Unachomoza baina ya ubavu wa pili na wa tatu, unakatiza kwapa, kisha unaishia kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa juu. Hausogezi msuli wowote. Kazi yake ni kuleta hisia tu. Ndiyo sababu kwa miaka mingi madaktari waliukata bila kusita. Mgonjwa akiamka mkono unainuka, vidole vinashika, basi nani atalalamika? Lakini mshipa wa fahamu uliokatwa haunyamazi. Kwenye ncha yake nyuzi huota ovyo na kujisokota, zikapeleka habari za moto mahali pasipo na moto, na uti wa mgongo ukizipokea habari hizo wiki baada ya wiki huzoea kuzikuza. Wengine huumwa na titi lenyewe ambalo halipo tena. Kwenye pwani ambako majini hutajwa katika maradhi mengi, mwanamke anayewashwa na chuchu iliyokwisha kuzikwa hatashindwa kupata maelezo, isipokuwa hospitali iwe imemweleza mapema kwamba jambo hilo hutokea na lina sababu yake.

Desturi ya kusafisha kwapa lote, yaani kuondoa tezi zake zote, tuliirithi. William Halsted wa Baltimore alichapisha mwaka 1894 taarifa ya upasuaji wake: titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa vyote viliondolewa pamoja, kwa imani kwamba saratani hutambaa hatua kwa hatua na anayekata mbali zaidi ndiye anayeiwahi. Imani hiyo ilitawala kwa miongo mingi. Lililoivunja ni jaribio la B-04 la Bernard Fisher wa Pittsburgh, lililoanza kusajili wanawake mwaka 1971. Wale ambao kwapa lao lilipopapaswa halikukutwa na tezi zilizovimba waligawanywa kwa kura: wengine walifanyiwa upasuaji wa Halsted, wengine waliondolewa titi na kupewa mionzi, wengine waliondolewa titi tu na kwapa likaachwa. Baada ya miaka 25, katika ripoti ya mwaka 2002, makundi yote yalikuwa yameishi sawasawa. Kinachonivutia zaidi ni jambo lililo ndani ya takwimu hizo. Katika kundi la Halsted, takriban asilimia 40 walikutwa na saratani iliyojificha kwenye tezi. Lakini miongoni mwa walioachiwa kwapa lao, chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyelazimika kurudi kusafishwa. Kwa hiyo wanawake wengi walikuwa wamelipa kwa mkono wao bila kununua hata siku moja ya uhai.

Bei ya mkono huo sasa inajulikana. Mwaka 2016 Li Wang na wenzake nchini Kanada walikusanya tafiti 30 zenye wanawake karibu 20,000. Kusafisha kwapa kuliongeza uwezekano wa maumivu sugu kwa pointi 21 za asilimia. Mionzi iliongeza takriban 7, na umri kila ulipopungua kwa miaka kumi uliongeza kiasi hichohicho. Maumivu yaliyokuwapo kabla ya upasuaji na ukali wa maumivu ya siku za mwanzo baada yake viliongeza pia, kwa kiasi kidogo zaidi.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Pemba, mji mkuu wa mkoa, unaona kwamba karibu kila kilichomo, ukiacha mionzi, kipo mlangoni. Kusini mwa Sahara saratani ya titi huwapata wanawake wengi wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya. Hufika wamechelewa, tezi zimeshavimba, wengine titi limeshafunguka kidonda kilichouma miezi mingi. Kwao kwapa haliwezi kuachwa. Na kuchelewa huku si uzembe wa mgonjwa. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kuvamiwa mwezi Machi 2021, vituo vingi vya afya vya wilaya za kaskazini vilichomwa, vikaporwa au vikafungwa, na karibu watu milioni moja wakahama makwao. Kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimepiga Ibo, Quissanga na Macomia. Kutoka Palma hadi hospitali ya mkoa iliyoko Pemba ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ambayo kwa miaka kadhaa haikupitika bila ulinzi. Pemba hadi Nampula, kwenye hospitali kuu ya kaskazini, ni takriban 400 nyingine. Mionzi iko Maputo, zaidi ya kilomita 2,000. Mwanamke aliyegundua kijiwe titini wakati anatoroka na watoto ana mengi ya kushughulikia kabla ya kijiwe kisichouma.

Katika hali kama hii wafadhili hupenda kuuliza ni kifaa gani kinunuliwe, na jibu lililo tayari ni sindano ya ganzi. Mtaalamu huchoma ganzi kando ya uti wa mgongo, akazima mishipa ya fahamu ya kifua kabla kisu hakijagusa ngozi; nadharia ni kwamba uti wa mgongo usipopokea kelele za upasuaji hautajifunza maumivu. Ni nadharia nzuri. Mwaka 2006 Pekka Kairaluoma na wenzake wa Finland waliripoti kwamba waliochomwa hivyo walikuwa na maumivu machache mwaka mmoja baadaye, na matumaini yakapanda. Kisha mwaka 2019 likaja jaribio la Daniel Sessler na wenzake, wanawake 2,132 katika hospitali 13 za nchi mbalimbali. Baada ya miezi sita, asilimia 52 ya waliopewa ganzi hiyo waliumwa kwenye kovu, na asilimia 52 ya waliolazwa kwa nusu kaputi ya kawaida vilevile. Baada ya mwaka mmoja, 28 kwa 27.

Sisemi sindano hiyo haina kazi. Usiku wa kwanza humpumzisha mgonjwa na hupunguza haja ya dawa kali, na mahali ambapo mtaalamu wake yupo itumike. Ninachopinga ni kuufanya ujuzi huo, pamoja na mashine ya kumulika inayokwenda nao, kuwa ndiyo sera ya kuzuia maumivu sugu katika mkoa ambao wataalamu wake wa nusu kaputi wanahesabika kwa vidole. Jaribio kubwa kuliko yote limeonyesha kwamba faida haifiki mbali kiasi hicho. Na ganzi rahisi kuliko hiyo ipo: mpasuaji mwenyewe, kabla ya kushona, anadunga bupivakaini kwenye kingo za kidonda. Dawa hiyo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, na mkono unaoichoma tayari umevaa glovu.

Kwa hiyo jambo kubwa la chumba cha upasuaji ni kuamua juu ya kwapa kwa akili badala ya mazoea. Kwapa lisilo na tezi zilizovimba lisisafishwe lote. Katika nchi tajiri tezi ya kwanza inayopokea majimaji ya titi hutafutwa kwa dawa ya mionzi na rangi ya buluu pamoja. Pasipo na dawa ya mionzi, rangi ya methilini buluu pekee, ambayo ni ya bei ndogo, humfikisha mpasuaji aliyejifunza kwenye tezi hiyo mara nyingi. Njia nyingine ya zamani, iliyokuzwa Edinburgh, ni kuchukua tezi nne tu za chini na kuzipima. Hapa naweka tahadhari. Jaribio mashuhuri la Z0011, lililoonyesha kwamba hata tezi moja au mbili zikiwa na saratani kwapa linaweza kuachwa, liliwahusu wanawake waliobakiziwa titi na kupangiwa mionzi. Kulichukua kichwakichwa na kulileta mahali ambapo mionzi iko umbali wa safari ya siku kadhaa ni kumhatarisha mgonjwa. Pale ambapo lazima kwapa lisafishwe, na kwa pwani hii itakuwa mara nyingi, mpasuaji autafute mshipa wa interkostobrakiali na auhifadhi ikiwa saratani haijauzingira. Kuuhifadhi hupunguza ganzi na upotevu wa hisia. Juu ya maumivu yenyewe ushahidi ni mwepesi zaidi, lakini gharama yake ni dakika chache. Na akiukata, aandike kwamba ameukata. Sentensi hiyo moja itamfaa mtu mwingine baadaye.

Baada ya hapo mgonjwa anarudi wodini, na hapa ndipo ninapoona upungufu ulio rahisi kurekebishwa. Paracetamol na diklofenaki zipo; tatizo ni kwamba hutolewa mgonjwa akilalamika. Mwanamke wa Kimwani, mwenyeji wa pwani hii, aliyelelewa kuona kuvumilia ni heshima, akiwa amezungukwa na wageni wanaosema Kireno, hatalalamika. Dawa za siku za mwanzo zitolewe kwa saa, aombe asiombe, isipokuwa pale figo au vidonda vya tumbo vinapokataza. Zisipotosha, mofini. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, tani 0.1 tu ndizo zinazofika nchi maskini. Lakini Uganda imeonyesha kuwa umaskini si kisingizio kamili. Tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji huchanganywa huko kutokana na unga na kutiwa rangi kulingana na nguvu yake, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuiandika.

Kisha nyumbani. Jaribio la PROSPER la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2021, liliwachukua wanawake 392 waliokuwa katika hatari ya matatizo ya bega, nusu wakapewa maelezo ya karatasi tu na nusu wakaongezewa mazoezi yaliyoongozwa na mtaalamu kuanzia siku ya saba hadi ya kumi. Baada ya mwaka mmoja waliofanya mazoezi walikuwa na mkono unaofanya kazi vizuri zaidi na maumivu machache kuliko wenzao. Hakukuwa na mashine ndani yake. Walifundishwa kuinua, kunyoosha na polepole kuutia mkono nguvu, na walifuatiliwa.

Sasa linganisha na kinachofanyika kwa mapenzi mema kwenye nyumba ya pwani. Mke wa kaka, dada, binti, wote wanamnyang'anya mgonjwa mchi. Maji anatekewa, mihogo anatwangiwa, maji ya bahari yakitoka wenzake wanakwenda kuokota makombe yeye anabaki kibarazani, mkono umebanwa ubavuni kama wa mtu aliyevunjika. Wiki mbili za mwanzo huo ni msaada. Mwezi wa pili ni madhara: bega linakakamaa, ngozi ya kovu inashikamana na kifua, na kila anapojaribu kuinua anavuta maumivu mapya, kwa hiyo anazidi kuacha. Hospitali nazo huchangia zinapomwambia asibebe kitu maisha yake yote kwa kuogopa mkono kuvimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walionyesha Marekani kwamba wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono hawakuzidi kuvimba kwa kunyanyua vitu vizito hatua kwa hatua. Waliofanya hivyo walipata hata nafuu ya dalili.

Mazoezi yenyewe hayahitaji kuletwa kutoka nje. Kusaga msiro, mti wa urembo wa uso, juu ya jiwe, mkono ukienda na kurudi huku bega likiwa chini, kunafaa wiki ya kwanza, wakati mkono haupaswi kuvuka usawa wa bega na mpira wa kutolea majimaji pengine bado upo. Baada ya mpira kutolewa, kusuka nywele zake mwenyewe kunaufungua mkono kwa nje na juu, mwendo uleule ambao karatasi za Ulaya huuchora kwa kitana. Kufunga kapulana kwa nyuma kunaupeleka mkono mgongoni. Kwa Mwislamu, na wengi wa pwani hii ni Waislamu, kuinua mikono kwenye takbira na kuitegemea kwenye sijda kunampa mara tano kwa siku kipimo cha alipofika. Sheria inamruhusu kusali ameketi akiwa mgonjwa, hivyo hakuna wa kumlazimisha, lakini muuguzi anayemuuliza, "Mama, takbira imefika wapi leo?" anapata jibu sahihi kuliko la mizani ya sifuri hadi kumi. Mtwangio unakuja mwisho, kwa mchi mwepesi, na ndoo ikianzia nusu.

Nani atasimamia haya? Msumbiji ina jibu. Tangu mwaka 1984 imekuwa ikiwafunza matekniko wa upasuaji, watumishi wa afya wasio madaktari ambao hupasua katika hospitali za wilaya. Caetano Pereira na wenzake walipofuatilia wahitimu, waligundua kwamba miaka saba baada ya kupangwa wilayani asilimia 88 ya matekniko walikuwa bado wapo, na madaktari waliopangwa huko wote walikuwa wameondoka. Vita vya kaskazini vimewatawanya nao pia, lakini kanuni inabaki: anayekaa ndiye wa kufundishwa. Sipendekezi wapasue saratani ya titi wilayani. Kijiwe kilichokwanguliwa nusu na mtu asiye na maabara humharibia mpasuaji wa Pemba kazi na humwongezea mgonjwa upasuaji wa pili. Napendekeza wapewe ncha mbili za safari. Ncha ya kwanza ni kumtuma mgonjwa mapema na kutibu maumivu yake akiwa bado anasubiri, kwa sababu maumivu ya kabla hubeba ya baada. Ncha ya pili ni kumpokea anaporudi, wakitambua mchomo wa mshipa wa fahamu na kuutofautisha na usaha au na saratani iliyorudi, na wakianza amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku, badala ya kumwongezea paracetamol isiyoifikia shida. Chini yao wapo wahudumu wa jamii waliojulikana kwa miaka mingi kama APE, ambao mpango wao ulianza mwaka 1978. Hao wanaweza kuulizia bega nyumba kwa nyumba.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Utafiti wa ABC-DO katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, ulikuta kwamba miaka mitatu baada ya kugunduliwa ni nusu tu ya wanawake wenye saratani ya titi waliokuwa hai. Mahali pa namna hiyo, wanasema, kuzungumzia maumivu ya mwaka wa pili ni anasa. Tuokoe maisha kwanza. Fikra hiyo imeingia hata kwenye malengo ya dunia. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa saratani ya titi, uliozinduliwa mwaka 2021, una shabaha tatu: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize matibabu. Maumivu hayamo.

Lakini shabaha ya tatu haitimii bila hayo. Mwanamke ambaye mkono haunyooki hawezi kulala na mkono juu ya kichwa kwenye mashine ya mionzi, hata akifika Maputo. Anayeumwa kila siku tangu apasuliwe ana sababu nzuri ya kukataa dripu ya kemikali inayofuata. Na saratani ya titi haina siri kijijini. Jirani mwenye kijiwe anamtazama aliyetangulia kabla ya kuamua. Akimwona amerudi na mkono uliokufa, atachagua mganga, na sitamlaumu. Zaidi ya hayo, ile nusu nyingine ipo hai. Ina mashamba, ina watoto, na katika miji iliyorejewa baada ya Mocímboa da Praia kukombolewa Agosti 2021 ina nyumba za kujenga upya kwa mikono miwili.

Limebaki suala la miezi mitatu, muda ambao maumivu hupewa jina la sugu. Wadenmark waliporudi kwa wanawake walewale miaka mitano hadi saba baada ya upasuaji, walikuta baadhi wamepona na wengine, waliokuwa salama mwanzoni, wameanza kuumwa. Kwa hiyo kuuliza mara moja hakutoshi. Kwenye pwani hii mgonjwa aliyepasuliwa Pemba anaweza kuwa Palma mwezi wa tatu, Metuge mwezi wa sita, na Mtwara kwa shangazi yake mwisho wa mwaka. Faili la hospitali halitamfuata. Barua yake ya kuruhusiwa iandikwe ili akae nayo mwenyewe, nakala moja kwa Kireno na nyingine kwa Kiswahili atakachosomewa na binti au na nesi wa ng'ambo ya Ruvuma: kwapa limesafishwa au limeachwa, mshipa umehifadhiwa au umekatwa, alitoka akiumwa kiasi gani, mkono uliinuka hadi wapi siku ya kuondoka, na dawa ipi ianzwe ikiwa mchomo bado upo mwezi wa tatu.